Jina la mtumbwi halina fonti

Mtu anapiga picha ubavu wa mtumbwi pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Jina limeandikwa kwa brashi, herufi zimenenepa juu, mikia imepinda. Anaituma kwa mbunifu: "Naomba hii fonti." Haipo. Hakuna faili la kutuma.

Fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zilizochorwa mara moja ili zitumike tena na tena. Ya bango ni ile iliyokusudiwa kusomwa ikiwa kubwa, na yenye sura ya kuchorwa kwa mkono ni tawi lake. Ishushe hadi pointi 10 (pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi) na madoido yake yote yanageuka uchafu.

Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiingereza, ila shina ni la Kifaransa: fonte, kutoka kitenzi fondre, kuyeyusha. Enzi za herufi za madini, risasi, bati na antimoni viliyeyushwa pamoja na kumiminwa kwenye kalibu, herufi moja moja. Kila "a" iliyotoka humo ilikuwa pacha wa mwenzake. Tena fonti ilikuwa sura moja kwa ukubwa mmoja: pointi 12 fonti yake, pointi 14 fonti nyingine. Kompyuta imefuta habari ya ukubwa, upacha umebaki.

Upacha huo ndio kipimo cha kutenganisha fonti na mkono. Tazama neno DAGAA. Mwenye brashi hatoi A tatu zinazofanana hata akitaka: moja imekolea rangi, nyingine brashi imeanza kukauka, ya mwisho imebanwa na ukingo wa ubao. Kwenye fonti inayoiga mkono, zote tatu zina kovu lilelile mahali palepale. Fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu hubeba maumbo mawili matatu ya kila herufi, programu ikiyapokezanisha. Kipengele hicho kikizimwa, mapacha wanarudi. Kiswahili, kwa irabu zake zisizochoka kujirudia, huumbua fonti kama hizi upesi.

Kabla ya kupakua fonti ya bure, andika "ng'ombe" kwanza. Isiyo na ritifaa (ile alama ya ng') itakuachia kisanduku kitupu, au itaazima alama ya fonti nyingine. Kwenye mashine ya kukata stika, kingo zenye mikwaruzo huacha vipande vidogo vinavyobanduka pamoja na taka, kwa hiyo zilainishe kwanza. Na kabla ya kupeleka kazi kuchapwa, geuza maandishi kuwa michoro (kwenye programu ya CorelDRAW ni Ctrl+Q), la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine badala yake.

Kwa yule wa mwaloni, swali sahihi si "fonti gani hii?" Ni "nani kaandika?" Huyo yupo, na akilipwa ataandika jingine.