Kutoa mandharinyuma: ugomvi wote uko ukingoni

"Fundi, nitolee hiyo nyuma." Hivyo ndivyo wateja wangu hapa Dodoma mjini wanavyoomba, na wengi wanaamini ni kazi ya dakika moja. Wakati mwingine ni kweli. Simu nyingi siku hizi zina kitufe chake: ukibonyeza, mtu anabaki na ukuta unapotea. Kwa mtu mwenye nywele fupi aliyesimama mbele ya ukuta safi, sina ubishi na kitufe hicho, tena nakitumia. Ila hebu ipeleke picha hiyo kwenye bango la mita moja. Utakuta sikio limeliwa upande, nywele zimelambwa zikawa duara laini, na mstari mwembamba mweupe unamzunguka mtu kuanzia shingoni hadi mabegani.

Sababu ni hii. Picha ya kidijitali imeundwa na pikseli, vinukta vidogo vyenye rangi moja moja. Pikseli iliyo katikati ya shavu ni ya shavu tupu, na ya katikati ya ukuta ni ya ukuta tupu. Balaa liko mpakani. Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli moja inabeba nywele kidogo na anga kidogo, na kamera imeshazikoroga kuwa rangi moja. Hiyo ni chai ya maziwa tayari, na kisu hakitenganishi chai na maziwa. Kwa kila pikseli ya mpakani unatakiwa kujibu maswali mawili: ni kiasi gani chake ni mtu, na rangi ya huyo mtu peke yake ni ipi? Programu nyingi hujibu la kwanza na kuliacha la pili. Ule mstari mweupe ndiyo matokeo yake.

Swali la kwanza lilipatiwa jibu zamani. Alvy Ray Smith na Ed Catmull walibuni chaneli ya alfa, yaani namba inayosema kila pikseli ionekane kwa kiasi gani, huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakachapisha hesabu za kupachika picha juu ya picha. Maski unayoiona leo kwenye programu za kuhariri picha kama Photoshop au GIMP ni wazo hilohilo: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu kinaonyesha nusunusu, na kwenye picha za kawaida, kutoka nyeusi hadi nyeupe kuna ngazi 256. Ndiyo maana nikimwona kijana anatoa nyuma kwa kifutio roho inaniuma. Kifutio kinakula picha. Maski inaificha tu, na ukipitiliza unapaka nyeupe, sikio linarudi.

Sasa nywele. Chukua mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, joho jeusi, nywele za asili zimetuna, amepigwa nje na nyuma yake ni anga la kiangazi lisilo na wingu. Wengi wanaikimbia picha ya hivi, mimi naipenda. Picha huhifadhiwa kama chaneli tatu, yaani kiasi cha mwanga wa nyekundu, wa kijani na wa bluu. Fungua paneli ya chaneli uzitazame moja moja. Kwenye bluu anga linakaribia kuwa jeupe, nywele zinabaki nyeusi tii, na ngozi zetu za kahawia nazo zinakuwa nyeusi zaidi kuliko kwenye chaneli nyingine, kwa sababu zinarudisha mwanga mdogo wa bluu. Hiyo ni maski iliyojichora yenyewe, wewe unaisaidia tu. Nakili chaneli ya bluu, usiiguse ile ya awali. Fungua Levels, kifaa cha kurekebisha weusi na weupe, sogeza kishale cha weusi hadi nywele zikolee, na cha weupe hadi anga lisafike. Hapa ndipo pa kuzuia mkono. Ukisukuma mpaka kusiwe na kijivu kabisa, ncha za nywele zinakuwa ngumu, na umerudi kulekule kwa kitufe cha simu. Acha kijivu kidogo kwenye ncha. Kola nyeupe, meno na mng'ao wa paji la uso vitakuwa vimeng'aa pamoja na anga, vipake vyeusi kwa brashi. Kisha geuza rangi zote ili mtu awe mweupe, pakia chaneli hiyo kama uteuzi (eneo lililochaguliwa), rudi kwenye leya ya picha, yaani tabaka lake, weka maski.

Kwa asiye na Photoshop, GIMP ni ya bure na ina chaneli na maski hizohizo. Photopea nayo inafanya kazi ndani ya kivinjari na inafungua faili za PSD, yaani za Photoshop, msaada mkubwa kwa mwenye kompyuta ya kawaida.

Halafu swali la pili, rangi. Ncha za nywele bado zina anga ndani yake. Ukimweka mhitimu mbele ya rangi nyepesi hakuna atakayejua. Ukimweka mbele ya kijani kilichoiva au nyeusi, kichwa kitawaka pembeni. Photoshop ina chaguo la Decontaminate Colors kwenye Select and Mask, dirisha lake la kusafisha kingo. Linafanya kazi, lakini linabadilisha pikseli zenyewe, kwa hiyo toa matokeo kwenye leya mpya. Mimi napendelea kwa mkono: leya tupu juu yake iliyofungwa kwenye umbo la mtu, nachukua rangi ya nywele kutoka ndani kidogo, napaka ukingoni kwa brashi laini. Polepole, lakini nywele zinabaki za yule mtu.

Kuna kero nyingine ambayo hutaikuta kwenye video za mafunzo za watu wa mbali: udongo wetu. Ardhi nyingi ya hapa ni nyekundu, na jua likiipiga, mwanga unarudi juu ukiwa na wekundu. Bibi harusi aliyepigwa Chamwino mchana kweupe anakuwa na wekundu chini ya kidevu na kwenye pindo la gauni. Akiwa palepale kwenye udongo huoni kitu. Mtoe, mweke mbele ya bustani ya kijani, ghafla gauni linaonekana chafu. Ukingo umeukata vizuri, ila mwanga wa mahali pa zamani umekuja naye. Punguza wekundu kwenye pindo na kidevu tu, kwa leya ya marekebisho yenye maski, usiguse gauni zima.

Jua nalo lina lake. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba jua la saa sita na nusu linasimama utosini. Macho yanaingia gizani, kivuli chote kinaanguka miguuni. Mtu wa namna hiyo ukimpachika kwenye picha ya machweo, hata mtoto atajua pana uongo. Tafuta mandhari ya mchana, au mpige upya saa kumi na moja jioni. Na ukimpachika mzima mzima hadi miguu, mchoree kivuli chini ya viatu: cheusi na kikali pale soli inapogusa ardhi, kikififia kadiri kinavyosogea mbali. Bila hicho anaelea.

Kuhusu WhatsApp nitasema kwa kifupi. Picha iliyotumwa kama picha imebanwa. JPEG, muundo wa faili unaotumika kuibana, inagawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi inapunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga. Chaneli ya bluu ndiyo inayoumia sana, ileile tuliyokuwa tunaitegemea. Mwambie mteja aitume kama dokumenti.

Chupa zinastahili makala yake. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo wanaotengeneza mvinyo wakihitaji lebo na vipeperushi hawakosekani. Kioo kinapitisha kilicho nyuma yake; ukiikata chupa ya kijani kwa usahihi wote, bado meza na pazia vimo tumboni mwake. Mzunguko wa chupa naukata kwa Pen Tool, nukta chache, mikunjo mirefu. Ila kazi yenyewe inaanzia kwenye kupiga: karatasi nyeupe nyuma, mwanga unaotokea nyuma ya karatasi. Hapo leya ya kioo ukiiweka kwenye Multiply, namna ya kuchanganya leya inayotia giza cha chini yake, weupe unatoweka, kijani kinabaki, na mandhari mapya yanaonekana kupitia chupa. Lebo, kwa kuwa haipitishi mwanga, inakaa kwenye leya yake ya kawaida.

Kazi ninayoichukua kwa uzito kuliko zote ni picha za msiba. Mama mmoja alikuja na picha ya harusi, watu watano wamekumbatiana. "Mwanangu, huyu wa katikati. Hawa wengine watoe." Nikamwamkia, nikamkalisha, nikaikuza picha. Begani kwa marehemu palikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine. Ukitoa mandharinyuma, vidole vinabaki. Ukivitoa vidole, koti linabaki na tundu. Kwa hiyo nilikopa kitambaa cha bega la pili, nikakigeuza, nikalinganisha mstari wa mshono na upande wa mwanga. Uso sikuugusa kabisa. Niligoma pia kuipeleka kwenye tovuti ya bure ya kukata picha: picha ya familia ya watu inakwenda kukaa kwenye seva ya nani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mama yule aliniletea mimi.

Kwenye kuhifadhi, watu wanaharibu dakika ya mwisho. JPEG haina uwazi. Ukihifadhi humo, pale patupu panajazwa rangi, mara nyingi nyeupe. Tumia PNG kwa kumpa mteja, na ubaki na PSD au XCF (faili la GIMP) yenye maski, kwa sababu aliyetaka bluu leo, kesho ofisi nyingine itamwambia nyeupe. Kwa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, pikseli 413 kwa 531 zinatosha kuchapa kwa pikseli 300 kwa inchi. Bango la mita moja, kwa pikseli 100 kwa inchi, linataka karibu pikseli 3,940 upande huo, kwa hiyo usikubali kulikuza kutoka faili la pasipoti.

Na bei? Sitozi kwa idadi ya picha, natazama ukingo. Upara mbele ya ukuta mweupe ni bei ya soda. Rasta mbele ya mti wa mwarobaini, tuongee.