Kontra ya Bachina haiko troke

Mu taksibisi, ku televizyo, fasi yote ni maneno ileile: "Ah, kontra ya Bachina ni troke tu (kubadirishana kitu na kitu), banakamata shaba, banatupa barabara." Basi tuongee.

Kwa kifupi: mu 2008 Leta ya Kongo ilipatana na makampuni ya China, njo kulizaliwa Sicomines, kampuni ya mugodi wa shaba na kobalti kule Kolwezi, Bachina 68%, upande wa Kongo na Gécamines (kampuni ya migodi ya Leta) 32%. Bachina batafute makuta ya barabara na hospitali na ya mugodi, mugodi ulipe. Imeisha.

Sasa troke. Troke ya kweli, mutu wa Kasenga anakuletea samaki, unamupa bunga, kila mutu anarudi kwake, hakuna kudaiana. Sicomines haiko hivyo hata kidogo. Makuta inatoka ku Exim Bank, benki ya Leta ya China, ni mukopo, iko na enterè, na inaenda moja kwa moja ku kampuni ya Kichina yenye kujenga. Kisha shaba na kobalti inauzishwa kwa bei ya soko ya dunia, na benefisi ya mugodi njo inalipa deni. Hakuna mutu anapima tani ya shaba akatoa kilometre ya goudron (lami).

Na FMI, ile shirika ya dunia yenye kukopesha maleta makuta, je? Mu kontra ya kwanza barabara ilikuwa ya miliari 6 ya dola, FMI ikakataa juu Leta ilitia garanti ya kulipa hilo deni, na wakati ule tulikuwa tunaomba batusamehe madeni ya zamani, njo mu 2009 ikashuka miliari 3. Kama ingekuwa troke bila deni, FMI ingeuliza nini?

Mu 2024 barekebisha tena, barabara miliari 7 mupaka 2040, milioni 324 kila mwaka, lakini paka kama tani ya shaba inapita dola 8.000, bei ikishuka chini ya pale makuta ya barabara nayo inapunguka. Mutu wa samaki hajali bei ya shaba ku soko ya London, akisha kupata bunga yake amemaliza.

Kwa hiyo mwenye kupenda neno troke alitumie tu, hatugombane, ila aseme kwanza deni.