Asili ya Neno "Fire": Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi wanaojifunza Kifaransa au Kihispania baada ya kukijua Kiingereza hukutana na maneno "feu" na "fuego", wakayalinganisha na "fire", kisha wakaamini kwamba yote matatu ni ya ukoo mmoja kwa kuwa yanaanza na sauti ile ile na yana maana ya moto. Ukoo huo haupo. "Feu" na "fuego" yametokana na neno la Kilatini "focus", ambalo kwa Warumi wa kale lilikuwa meko, yaani mahali pa kukokea moto nyumbani, hadi baadaye jina la mahali lilipohamia kwenye kile kinachowaka hapo. "Fire" limetokana na "fyr" la Kiingereza cha Kale, na ndugu zake wa karibu ni "Feuer" la Kijerumani na "vuur" la Kiholanzi.

Ndugu yake wa mbali ni "pyr" la Kigiriki, kwa maana sauti p ya lugha ya kale iliyozizaa zote mbili iligeuka f katika lugha za jamii ya Kijerumani, kikiwemo Kiingereza, kama tuonavyo "pater" la Kigiriki likilingana na "father". Hata mwanafalsafa wa Kigiriki Plato, karne ya 4 kabla ya Kristo, alimwonyesha mwalimu wake Socrates akidhani kwamba Wagiriki waliliazima "pyr" kutoka kwa wageni, kwa sababu Wafrigia, watu wa kale wa eneo la Uturuki ya leo, walikuwa na neno linalofanana nalo. Leo wanaisimu wanafafanua kwamba kufanana huko ni kwa kurithi, wala si kwa kuazima. Irabu ya "fire" nayo ilibadilika kwa karne nyingi hadi kufikia matamshi ya sasa, ndiyo maana Watanzania wanaoliita gari la zimamoto "gari la faya" wanatamka neno ambalo Mwingereza wa kale asingelitambua kwa urahisi.

Filamu za vita vya kale zimeeneza kosa jingine, pale jemadari anapowaamuru wapiga mishale kwa kupaza sauti "Fire!". Maana ya kufyatua ilizaliwa na silaha za baruti, na ilienea katika karne ya 16, kwa kuwa bunduki na mizinga ya wakati huo ililipuka pale tu baruti ilipotiwa moto. Mshale hauna cha kuwashwa, huachiwa tu.

Simulizi inayopendwa kuliko zote ni ile ya "fire" kwa maana ya kumfukuza mtu kazi, isemayo kwamba zamani jamii za Uingereza zilimwondoa mtu asiyetakiwa kwa kumchomea nyumba. Matumizi hayo, hata hivyo, ni ya Marekani, na yalishika kasi katika miaka ya 1880. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba watu walichezea neno "discharge", ambalo Kiingereza hulitumia kwa kumwachisha mtu kazi na pia kwa kufyatua bunduki.