Diski yako inaharibikia upande wa lebo

Katika kitengo chetu cha kumbukumbu hapa Mwanza tumekuwa tukipokea malalamiko mengi ya wananchi na viongozi wa vyama vya ushirika wanaowasilisha CD na DVD zenye ramani za viwanja, picha za mikutano au hesabu za mwaka, kisha diski hizo zikakataa kufunguka mbele ya ofisa. Wengi huondoka wakiamini kwamba kompyuta zetu ni mbovu. Kwa kawaida si mbovu.

Ifahamike kwamba katika CD, tabaka lenye taarifa haliko upande ule unaong'aa ambao kila mtu huufuta kwa pindo la shati. Liko juu, chini kidogo tu ya lebo, likikingwa na laki nyembamba, yaani aina ya vanishi, ilhali upande wa chini una plastiki ya unene wa takriban milimita 1.2. Mikwaruzo midogo ya chini mara nyingi husomeka hivyo hivyo, kwa kuwa mashine ina namna ya kurekebisha makosa; lakini anayeandika jina la chama juu ya lebo kwa kalamu yenye ncha ngumu anachimba taarifa zake mwenyewe. Tumia kalamu laini ya wino wa maji. DVD ina nafuu kidogo, kwani tabaka lake limebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, ila stika ya karatasi huweza kuipinda na kuifanya iyumbe inapozunguka.

Kwa kumbukumbu za kudumu chagua diski yenye herufi R, inayochomwa, yaani kuandikwa kwa leza, mara moja tu. Zile za RW hufutika na kuandikwa upya hata mara 1,000, na kwa sababu hiyo hiyo hazifai kwa kitu kinachoweza kuhitajika kama ushahidi. CD hubeba megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta nyingi huonyesha 4.38, hakuna muuzaji aliyekupunja, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu, na tungeshukuru swali hili likome.

Leza huandika kwenye rangi maalumu ambayo jua na joto huidhoofisha. Diski iliyoachwa mbele ya kioo cha gari pale Mwaloni, Kirumba, mwenyewe akishughulikia dagaa, au iliyofungiwa kwenye kabati la chuma chini ya bati huko Igoma, isitarajiwe kudumu. Iwekwe wima ndani ya kasha lake, gizani, mahali pakavu, jambo linalohitaji uangalifu zaidi kwa ofisi zilizo kando ya ziwa.

Kuhusu uchomaji, utaratibu ni huu na haufupishwi. Faili zikusanywe kwanza kwenye kompyuta, zisichomwe moja kwa moja kutoka kwenye fleshi. Mwendo uwe wa wastani. Programu iamriwe kuhakiki baada ya kuandika. Diski ifungwe ili isiongezwe kitu. Kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, faili moja moja, wala si kutazama orodha ya majina na kuridhika. Nakala ya pili ichomwe kwenye diski ya kiwanda kingine na kutunzwa jengo jingine. Tarehe ya kuchoma iandikwe kwenye rejista.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huielekeza mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isibadilishwe. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka 5, na kutozitunza kuna adhabu. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Anayekuja kuwasilisha aje na nakala zote mbili, zikiwa ndani ya makasha na si ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa, pamoja na orodha ya faili iliyochapishwa na kusainiwa, kwa kuwa ofisa atalinganisha orodha hiyo na diski kabla ya kugonga muhuri wa kupokea.