Je, wajua kwa nini TV mpya ya flati inaweza kutoa picha mbovu kuliko ile ya chogo?

Krismasi iliyopita nilipanda Kibosho, huko Moshi, na TV ya inchi 43, 4K, zawadi ya mama. Ile ya chogo ya inchi 21 tukaitoa, tukachomeka king'amuzi kilekile kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, mama akaangalia taarifa ya habari kidogo tu akaniuliza, "Baba, mbona huyu mtangazaji kanenepa hivi, alafu uso una ukungu? Ile yangu si ilikuwa afadhali?" Na mama alikuwa sahihi kabisa, TV yenyewe haikuwa na tatizo, ila picha kweli ilikuwa mbaya.

Wengi tunachanganya digitali na HD, yani picha yenye nukta nyingi zaidi. Huku Arusha na Moshi analojia ilizimwa 2013, miezi michache baada ya Dar kuanza tarehe 31 Desemba 2012, watu wakanunua ving'amuzi na chenga zikaisha. Lakini digitali ni namna ya kuisafirisha picha tu, yani inakuja kama namba, ukubwa wa picha yenyewe ni habari nyingine. Picha ya kawaida, SD, ina mistari 576 na kila mstari una nukta 720, ukizidisha ni kama laki nne na elfu kumi na tano. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, mara tano ya hiyo. 4K ni milioni 8 na ushee, mara ishirini!

Sasa king'amuzi kinaleta nukta laki nne na kioo kina nafasi milioni nane, na TV haiwezi kuacha matundu, kwahiyo nukta moja inabidi itandazwe ijaze nafasi ya ishirini na TV inakisia rangi za katikati. Ni kama uchukue picha ya pasipoti uipeleke studio wakukuzie iwe ya kutundika sebuleni, lazima itoke na ukungu. Ile ya chogo ilitengenezwa kwa picha ya mistari hiyohiyo, tena kioo chake kidogo, ndio maana vilikuwa vinaendana.

Alafu kuna huo waya wa njano, na mimi naona hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Waya huo unabeba mwanga na rangi pamoja kwa mtindo wa analojia na HD haipiti humo hata siku moja, hata kama king'amuzi ni cha HD na kifurushi umelipia. Picha imefika nyumbani ikiwa digitali, king'amuzi kinaigeuza analojia ipite kwenye njano, TV inaigeuza tena digitali, na kila kugeuza kunakula kitu. HDMI, waya wa digitali, inaipitisha kama ilivyo, na sauti inapita humohumo. Kesho yake nikashuka mjini kununua waya wa HDMI, nikaingia kwenye setingi za king'amuzi nikakuta kimewekwa 576i, yani mistari 576 ya SD, nikaweka 1080i, mistari 1080 ya HD, chaneli za HD zikang'aa mpaka mama akasogea kuangalia.

Unene wa mtangazaji ulikuwa jambo dogo. Picha za zamani umbo lake ni 4:3, yani upana 4 kwa urefu wa kwenda juu 3, flati ni 16:9, pana zaidi, ukilazimisha ijae kioo chote watu wanavutwa pembeni. Kwenye rimoti tafuta ukubwa wa picha uweke 4:3 au oto, utabaki na weusi pembeni lakini sura zinarudi zilivyo.

Chaneli za SD zenyewe bado zina ukungu kidogo, hizo HDMI haiziongezei nukta ambazo hazikurushwa. Kinachosaidia ni kukaa mbali, jicho linaacha kuona ile mitandazo, kwahiyo kiti cha mama tumekirudisha nyuma mpaka karibu na mlango.