Seva Mpya Haitawafundisha Askari Wenu

Nimeulizwa tena: "Tununue mfumo gani ili vikosi vyetu vibadilishane maarifa?" Jamani! Hujauliza luteni anayekwenda doria kesho anataka kujua nini, umeshafika kwenye zabuni. Mwisho wake naujua: nywila zinagawiwa, ripoti za mazoezi zinarundikwa humo, na hakuna anayezifungua.

Baghdad, 2004, 1st Cavalry Division ya Marekani ilikuwa na CavNet, mtandao wa siri wa makamanda wa ngazi ya chini. Humo ndimo lilimopita onyo kwamba adui anatega mabomu nyuma ya mabango ya Moqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia aliyewapinga Wamarekani, akijua askari watayabandua. Aliyeyaona leo anamwambia atakayepita kesho, basi. CompanyCommand nayo, tovuti ya makamanda wa kombania kupeana uzoefu, ilianzishwa mwaka 2000 na maofisa wachache kwa muda wao wenyewe. Jeshi lilikuja kuipokea baadaye.

Kinachonikera zaidi ni watu kutojali nani atasoma. Tathmini baada ya zoezi, ile waliyoikuza Wamarekani tangu miaka ya 1970, hutaka vyeo vikae pembeni: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, tufanyeje safari nyingine. Ukiigeuza kuwa kipimo cha kumpandisha mtu cheo, umeiua. Kapteni ataandika "mawasiliano yaboreshwe". Sentensi hiyo nimeisoma hadi imenitoka puani! Kumbe kilichotokea ni kwamba redio zilikata mara platuni iliposhuka bondeni, kwa kuwa hakuna aliyeweka rilei, yaani redio ya kupokeza mawimbi, kilimani. Hilo ndilo linalomfaa kamanda wa kombania nyingine wiki ijayo. Lakini linamwanika aliyeisahau rilei, na brigedia anasoma.

Kwa hiyo tenganisha njia: ya kumtathmini mtu iende kwa wakubwa, ya kufundishana ibaki kwa wenye kazi moja. Halafu weka mratibu, ofisa aliyetoka uwanjani juzijuzi, ampigie mwandishi simu na kumbana: kilima kipi, saa ngapi, redio gani? Karani hawezi, hata umpe kompyuta tatu.

Usalama? Uvujaji wa nyaraka za jeshi la Marekani mwaka 2010 ulitosha kuwa funzo. Weka viwango vya ruhusa, fuatilia nani anapakua nini, tuendelee.

Panaponikosesha raha ni kwenye kupima. Idadi ya walioingia mtandaoni haisemi kitu, na huwezi kuwahesabu watu ambao bomu halikuwaua kwa sababu walionywa. Tena adui naye anajifunza. Mabango yakishashtukiwa, anahamia kwingine, na andiko la miezi miwili iliyopita linaweza kumpeleka mtu mtegoni. Ukilifuta, kikosi kitakachopokea eneo hilo mwakani kinakosa historia yake. Mimi huacha andiko lilipo, na tarehe na eneo vikae juu kabisa, aliye uwanjani aamue mwenyewe. Sijaridhika na njia hiyo, ila bora zaidi sijaiona.