Kamati ya PhD: kikao chake ni cha nini na unakiandaaje

Ukienda kusoma PhD Marekani, haupiti muda mrefu utasikia wenzako wanaulizana "kamati yako umeshaiunda?" na kama umetokea vyuo vya huku kwetu utajiuliza kamati gani tena hiyo, manake umezoea kuwa na msimamizi mmoja au wawili, unampelekea sura, anakurudishia imejaa wino mwekundu, unarekebisha, maisha yanaendelea. Kule msimamizi yupo ila hayuko peke yake. Kuna kundi dogo la maprofesa, mara nyingi wanne au watano, wanaokuwa na wewe kuanzia unapopanga kozi za kusoma mpaka siku unatetea tasnifu, na haohao ndo wanaosaini kwamba umefaulu au bado. Hiyo ndo kamati. Pale Michigan State University inaitwa kamati ya mwongozo na sharti lao ni isipungue maprofesa wanne, vyuo vingine vina idadi zao na majina yao, kazi ni ileile.

Mwenyekiti wa kamati kwa kawaida ndo msimamizi wako mkuu. Wengine unawatafuta wewe mwenyewe kwa kushauriana naye, unamfuata mmoja mmoja unamwomba akubali. Watu wengi wanatafuta mmoja anayejua mada yenyewe, mmoja wa takwimu au mbinu za utafiti, na mmoja wa idara nyingine anayeangalia kwa jicho la nje. Hapa ningekushauri usikimbilie jina kubwa. Profesa anayesafiri mwaka mzima atakusaidia nini? Waulize wanafunzi wake wa zamani kidogo, je anasoma anachotumiwa, anajibu imeli baada ya muda gani, akishakubali jambo leo mwezi ujao analikumbuka? Na uulize pia kama kuna wawili wasioelewana, kwa sababu ukiwaweka kwenye kamati moja ugomvi wao utauona kwenye sura ya tatu ya tasnifu yako.

Sasa kikao. Kuna vikao ambavyo kweli ni mtihani, yaani ule mtihani mkubwa baada ya kozi, kikao cha kupitisha andiko la utafiti (ule mpango wa utafiti unaouandika kabla ya kuanza), na siku ya kutetea. Hivyo kila mtu anavijua na anaviogopa, kwa hiyo anajiandaa. Katikati yake kuna kikao cha kawaida, mara moja kwa mwaka au kila semista kutegemea na idara, saa moja au moja na nusu, hakina maksi. Na ndo kikao ambacho watu wengi wanakichukulia poa, mtu anaingia na slaidi arobaini anaonyesha alichofanya tangu mwaka jana, maprofesa wanatikisa vichwa, "kazi nzuri, endelea", wanaondoka, na yeye anatoka pale hana jibu hata moja ambalo hakuwa nalo wakati anaingia.

Kikao hicho kipo kwa ajili ya maamuzi. Ni saa moja katika mwaka mzima ambayo vichwa vyote vinne viko sehemu moja wanasikilizana. Ukimwendea kila mmoja ofisini kwake, huyu atakwambia ongeza sampuli, yule atakwambia punguza, wa tatu atakwambia badilisha mbinu kabisa, na wewe utabaki unazunguka katikati yao kama mpeleka barua. Wakiwa pamoja wanabishana wao kwa wao, mbele yako, mpaka wanafika sehemu. Kwa hiyo kujiandaa maana yake kubwa ni kujua unataka waamue nini. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi Mtanzania anayesomea sayansi ya chakula huko Marekani, utafiti wake ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, kwenye mahindi ya wilaya za Kondoa, Chemba na Kiteto. Ni mada nzito na ina sababu, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 maeneo ya Makueni na Kitui walikufa watu zaidi ya 100. Huyu mwanafunzi akiandika kwenye ajenda yake "naomba maoni yenu kuhusu sampuli" atapata maoni mpaka jioni na hakuna hata moja litakalomfikisha Kondoa. Aandike hivi: "Nina hela ya kupima sampuli 240. Nichukue kaya 240, kila moja sampuli moja, au kaya 80 kila moja sampuli tatu kutoka ghala moja? Mimi naegemea kaya 80, kwa sababu sumukuvu haijasambaa sawasawa kwenye gunia, punje chache zinaweza kubeba sumu karibu yote, na sampuli moja inaweza ikanidanganya."

Ona hapo amefanya mambo matatu kwa mpigo, ametaja kinachombana (hela), ameweka njia mbili mezani, na amesema anaegemea wapi na kwa nini. Profesa wa takwimu atasema kaya 80 ni chache mno kulinganisha wilaya tatu. Wa maabara atasema sampuli moja kwa ghala huwezi kuiamini. Hapo wangekuwa wanakwambia kila mtu kivyake ungelia. Lakini kwa kuwa wako pamoja, wa tatu atasema kwani lazima uchague, chota mahindi sehemu nyingi za ghala, juu, katikati, chini, changanya, saga yote pamoja, pima huo mchanganyiko mara moja, halafu ghala chache uzipime tena, hayo ndo marudio, ili ujue kosa lako lina ukubwa gani. Kaya zinaongezeka na hela inatosha. Dakika kumi, na mgogoro ambao ungekula miezi umeisha.

Ndo maana karatasi unayowatumia kabla ya kikao ina uzito kuliko slaidi. Ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili. Juu kabisa maamuzi unayoyaomba, matatu au manne basi, usijaze kumi. Chini yake nini kimefanyika tangu kikao kilichopita na kila walichokwambia wakati ule umekifanyia nini, hata kama jibu ni kwamba hukukifanya na sababu yake hii. Halafu kilichokwama. Halafu ratiba ya miezi inayokuja. Watumie wiki moja kabla, na kama kuna andiko refu la kusoma wape wiki mbili au zaidi, manake profesa akipata kurasa sitini usiku wa kuamkia kikao atakuja hajasoma, na profesa ambaye hajasoma ndo anauliza yale maswali ya kuanzia mwanzo kabisa yanayomaliza muda wa wote.

Lingine ambalo wengi hawalifanyi, kaeni kwanza wewe na mwenyekiti peke yenu siku chache kabla. Mpitishe kwenye kila swali. Kama kuna kitu yeye hakubaliani nacho, kiishie ofisini kwake, kisitokee mbele ya wengine. Mwulize pia wazi, "katika hawa wengine nani atapinga hili na atalipingia wapi?" Yeye anafanya nao kazi miaka, anajua. Na akikubali msimamo wako mapema, siku ya kikao ukibanwa atakushika mkono.

Kupanga tarehe nayo ni kazi, usiidharau, kalenda za maprofesa wanne kukutana ni shughuli ya wiki kadhaa. Anza kuomba mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, watumie siku kadhaa za kuchagua. Kama mmoja yuko nje, awe kwenye Zoom, na ujaribu mitambo kabla.

Slaidi ziwe chache, kumi zinatosha. Usitumie nusu saa kuwaelezea historia ya mada yako kwa sababu hao wameshakubali kuwa kwenye kamati, historia wanaijua. Fungua kwa kuwakumbusha maamuzi unayoyataka, onyesha data kidogo inayohusika na kila uamuzi, nyamaza uwaache waongee. Kuna grafu moja imekaa vibaya, matokeo hayakuja ulivyotarajia? Iweke. Wanafunzi wengi wanaficha hiyo na kuleta zile zilizonyooka, wakati msaada wenyewe ungepatikana kwenye ile mbaya.

Hapa kuna jambo la malezi yetu nataka niliseme kwa uwazi. Sisi tumefundishwa mkubwa akiongea unasikiliza, humkatizi, humpingi mbele za watu, na ni malezi mazuri sijawahi kuyaonea haya. Shida ni kwamba kwenye kikao cha kamati ya Marekani ukimya wako hausomeki kama heshima, unasomeka kama huna la kusema au hujafikiria. Wanategemea uwajibu. Na unaweza kujibu bila kuvunja adabu hata kidogo: "Asante Profesa, hilo nimelifikiria, nilichoogopa ni kwamba tukifanya hivyo tutakosa msimu wa mavuno, je unaonaje tukifanya hivi?" Hapo umepinga, na hakuna aliyekosewa. Ukiulizwa kitu hukijui sema hukijui na utakitafuta lini, wakikubana zaidi ya hapo wanapima mpaka wako uko wapi, ni kawaida yao na hawana kisa na wewe.

Na hiyo habari ya msimu niiguse kidogo, kwa wanaorudi nyumbani kukusanya data ndo roho ya kikao. Mahindi ya kanda ya kati yanavunwa kama Mei mpaka Julai hivi. Ukichelewa mavuno umesubiri mwaka mzima, hakuna njia ya mkato. Sasa rudi nyuma uhesabu: bodi ya maadili ya utafiti ya chuo chako Marekani lazima ipitishe kwanza kama unahoji watu, halafu huku nyumbani nako kuna milango yake, Tanzania unazungumzia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na kwa mambo ya afya NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), Kenya leseni ya utafiti inatoka NACOSTI, tume yao ya sayansi, na kama unataka kusafirisha sampuli kwenda maabara ya Marekani kuna vibali vya kuingiza mazao upande wa kule pia. Haya yote yanasubiri andiko lako lipite kwenye kamati. Kwa hiyo kikao cha kupitisha andiko kikisogea kutoka Oktoba kwenda Februari kwa sababu profesa mmoja alikuwa na safari, inawezekana umepoteza mwaka na siyo miezi minne. Maprofesa wengi hawajui hili, kalenda ya mvua ya Dodoma hawaijui, ni wewe wa kuwawekea mezani mchoro wa miezi unaoonyesha mavuno yako wapi na vibali viko wapi. Ukiuonyesha, utashangaa mtu anavyohamisha safari yake.

Kwenye mchoro huohuo weka pia tarehe ya mwisho iliyo kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo inayoonyesha masomo yako yanaisha lini, kama uko kwa viza ya mwanafunzi. Ukiona kazi itapita hiyo tarehe, nyongeza inaombwa kabla haijafika na inataka sababu ya kitaaluma, kama vile kubadilika kwa mada au matatizo ya utafiti ambayo hayakutarajiwa. Muhtasari wa kikao uliosema "kamati imekubali kubadili mbinu kwa sababu hii na hii" unakusaidia sana siku hiyo. Chuo nacho kina ukomo wake, Michigan State kwa mfano ni miaka 8 tangu kozi ya kwanza inayohesabiwa kwenye digrii yako, na ile mitihani mikubwa ndani ya miaka 5.

Wakati wa kikao usiandike mwenyewe kila kitu, huwezi kujibu na kuandika. Mwombe mwenzako wa maabara akae aandike, au uombe ruhusa ya kurekodi sauti, wengi wanakubali. Dakika kumi za mwisho zitumie kurudia kwa sauti: "Kwa hiyo nimeelewa tumeamua kaya 200 na marudio 40, andiko lililorekebishwa nilete kabla ya tarehe 15, na swali la tatu tunaliacha mpaka data ije. Nimekosea popote?" Hapo ndo utasikia "hapana mimi sikumaanisha hivyo", na afadhali ulisikie pale kuliko siku ya kutetea.

Ndani ya siku mbili tatu watumie wote imeli yenye hayo maamuzi, mafupi, na mistari ya nani atafanya nini, maana na wao kuna walichoahidi, yule wa maabara alisema atakuunganisha na mtu wa mashine, mkumbushe. Omba wakujibu kama kuna lisilo sawa. Hiyo imeli itunze. Profesa anaweza kuhama chuo, kustaafu, au kusahau kabisa alichokubali, na mtu mpya akiingia kwenye kamati unampa hizo kumbukumbu aanzie pale mlipofika. Na kama kuna mjumbe ambaye vikao viwili hatokei na imeli hajibu, usikae nalo moyoni ukisubiri abadilike, mwone mwenyekiti mapema, kubadilisha mjumbe kunaruhusiwa, ni fomu na saini, na inakuwa ngumu zaidi kadiri siku ya kutetea inavyokaribia.